Cité Radieuse ya Marseille: jengo la kutazamwa kwa mkato, si kwa uso

Wenyeji wa Marseille walilibatiza jengo hili kwa jina lao wenyewe: Maison du Fada. Fada, kwa lahaja ya kusini mwa Ufaransa, ni mtu aliyeguswa na majini. Huku pwani tungesema kapagawa. Mpagawa mwenyewe ni msanifu majengo Le Corbusier, na wazimu wake ni bonge la zege lenye urefu wa takribani mita 137, upana wa mita 24 na kimo cha mita 56, lililosimamishwa juu ya miguu kando ya boulevard Michelet, namba 280. Ndani mna fleti 337 za aina 23, hoteli, mtaa wa maduka ulioning'inia katikati ya jengo, chekechea, na paa lenye njia ya kukimbilia. Lilikusudiwa watu wapatao 1,600.

Wageni wengi hulitazama kwa mbali, wanaona sanduku la kijivu lenye rangi rangi kwenye roshani, wanapiga picha, wanakwenda zao ufukweni. Wanapunjika. Uso wa jengo hili ni matokeo tu. Kazi yenyewe imo ndani, katika mkato: ulipasue kutoka paa hadi chini kama boflo, kisha uchungulie namna vipande vilivyopangana. Karibu kila zuri na kila baya la kuishi humu linatoka hapo.

Mwaka 1945 Raoul Dautry, waziri aliyesimamia ujenzi mpya wa Ufaransa baada ya vita, alimpa Le Corbusier kazi ya kuchora jengo la makazi Marseille. Mji ulikuwa na shida kubwa ya nyumba; mtaa wa kale wa bandarini peke yake ulilipuliwa kwa baruti na Wajerumani mwaka 1943. Kiwanja kilibadilishwa zaidi ya mara moja, mawaziri nao wakabadilika. Jiwe la msingi liliwekwa 14 Oktoba 1947, na jengo likafunguliwa 14 Oktoba 1952 na waziri Eugène Claudius-Petit, miaka mitano kamili kwa kazi iliyokuwa imeahidiwa kwa muda mfupi zaidi. Serikali ililisamehe kanuni za kawaida za ujenzi, na ndiyo maana dari ziliweza kuwa fupi kama zilivyo. Kundi moja la kutetea uzuri wa sura ya Ufaransa lilifungua kesi, magazeti yakabishana, zege likaendelea kupanda. Kuanzia 1954 serikali ilianza kuuza fleti hizo, na leo kila mmiliki ana hati yake huku gharama za jengo zikichangwa kwa pamoja.

Sasa mkato. Chukua herufi L mbili. Moja iache ilivyo, ya pili igeuze kichwa chini, kisha ziingize moja ndani ya nyingine mpaka zikamatane. Mahali zinapokutana acha uwazi: hapo ndipo korido inapopita. Fleti ya kawaida ya familia ina sakafu mbili. Sakafu moja ni fupi, inaishia kwenye korido. Nyingine inapita juu au chini ya korido na kwenda moja kwa moja kutoka uso wa mashariki hadi uso wa magharibi, mita 24. Matokeo yake kila fleti ya aina hii inapata jua la asubuhi upande mmoja na la jioni upande wa pili, na ukifungua madirisha ya pande zote mbili upepo unapita moja kwa moja. Mwenye jengo naye anapata akiba: korido moja inahudumia sakafu tatu. Jengo la kawaida la kimo hiki lingehitaji korido kila sakafu. Hili linazo saba tu, na ukiacha chini na juu kabisa, lifti haisimami kokote kwingine.

Hapo ndipo wageni wanapopotea. Le Corbusier aliziita korido hizo "mitaa", na wenyeji wanahesabu mitaa, hawahesabu sakafu. Ukiambiwa hoteli iko ya tatu, ni mtaa wa tatu, ambao kwa kuhesabu sakafu kutoka chini ni ghorofa ya 7. Mtaa wa nne uko ghorofa ya 8. Hii miwili ndiyo ya biashara. Mitaa mingine ya makazi iko kwenye sakafu ya 2, 5, 10, 13 na 16. Anayepanda ngazi kwa miguu huku akihesabu sakafu atagonga mlango usio wake.

Mtaa wa makazi wenyewe ni wa giza, na giza hilo ni la makusudi. Hauna dirisha ubavuni kwa sababu pande zote mbili ni milango ya watu. Taa ni hafifu, milango imepakwa rangi nzito nzito, na mgeni anayetoka kwenye jua la Marseille husimama kidogo mpaka macho yazoee. Kando ya mlango wa kila fleti pana kabati dogo lenye milango miwili, mmoja unafunguliwa kutoka korido, mwingine kutoka ndani. Muuza mikate aliweka mkate bila kubisha hodi. Barafu nayo ilipita humo humo, maana jiko la 1952 lilikuja na sanduku la barafu, si friji ya umeme. Kwa mtu aliyezoea ndoo ya kamba inayoshushwa dirishani kununulia mboga, wazo hili halina ugeni wowote.

Ndani ya fleti vipimo vyote vinatoka kwenye Modulor, mfumo wa Le Corbusier uliojengwa juu ya mtu wa kubuni mwenye urefu wa mita 1.83 ambaye akinyoosha mkono juu anafika mita 2.26. Basi dari ni mita 2.26. Upana wa fleti ya kawaida ni mita 3.66, mara mbili ya mtu huyo. Sebule peke yake ndiyo iliyopewa kimo cha sakafu mbili, karibu mita 4.80, na kioo kikubwa kinachofungukia roshani. Ujanja uko hapo: unaingia kupitia korido ya giza, unapita chini ya dari fupi kando ya jiko, halafu ghafla nafasi inafunguka juu na mbele, na nje ni bahari au milima. Fleti ya mita za mraba 98 inajihisi kubwa kuliko namba yake. Lakini mpe mtu namba hiyo kwenye karatasi na umwambie upana ni mita 3.66, atadhani unamuuzia behewa la treni.

Kabla ya kununua au kupanga, jambo la kwanza kuuliza ni hili: fleti inapanda au inashuka? Katika ile inayopanda, unaingia sakafu ya chini yenye jiko na sebule, kisha ngazi inakupeleka juu kwenye chumba cha wazazi, ambacho ni kama roshani ya ndani inayoitazama sebule. Katika ile inayoshuka, unaingia juu, penye jiko na meza ya chakula, na sebule iko chini yako. Zote mbili zina udhaifu ule ule, ila unauma mahali tofauti. Chumba cha wazazi hakina ukuta kamili upande wa sebule. Mazungumzo ya wageni, televisheni, harufu ya kitunguu kinachokaangwa, vyote vinapanda. Jiko liliunganishwa na sebule kwa makusudi, likitenganishwa na kaunta yenye kabati linalofunguka pande zote mbili, ili mpishi asitengwe na familia. Mwaka 1952 hilo lilikuwa jambo jipya. Mpishi wa pilau na samaki wa kukaanga ahakikishe tu kwamba mfumo wa kunyonya hewa unafanya kazi kabla hajaweka sufuria.

Jiko hilo lilichorwa na mbunifu wa fanicha Charlotte Perriand akishirikiana na ofisi ya Le Corbusier, na ndilo kipande bora kuliko vyote katika jengo. Ni dogo kiasi kwamba mpishi akisimama katikati anafikia kila kitu kwa kugeuka tu: jiko la umeme lenye oveni, sinki la mabeseni mawili, sehemu ya barafu, rafu, kaunta. Beseni moja lilikuwa na tundu pana la kutupia taka za jikoni ambazo zilisukumwa na maji hadi bomba kuu. Majiko ya asili yaliyobaki ni machache, kwa sababu wamiliki wengi waliyang'oa ili kupata nafasi ya friji na mashine ya kufulia. Fleti yenye jiko la asili lililotunzwa ni mali ya aina yake, lakini anayeinunua ajue kwamba friji ya siku hizi haiingii humo bila kubomoa kitu ambacho wapenda historia watamlilia.

Ngazi ya ndani, kazi ya mbunifu na fundi chuma Jean Prouvé, ni ya chuma na vikanyagio vya mbao. Ni nyepesi, nzuri kutazama, na nyembamba. Fanicha ndiyo mtihani. Kwenye fleti inayoshuka kila kochi la sebuleni lazima lishuke ngazi hiyo au lipitishwe juu ya ukingo wa roshani ya ndani kwa kamba. Pima kochi kabla ya kulilipia.

Vyumba vya watoto viko mwisho wa pili wa ile sakafu ndefu. Ni viwili sambamba, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu mita 1.8, kitanda kinakaa kwa urefu tu, na kila kimoja kina beseni lake la kunawia. Ukuta unaovitenganisha kwa sehemu ni mlango wa kusukuma, na mlango huo ni ubao wa chaki. Ukisukumwa, watoto wanapata uwanja mmoja wa kuchezea hadi kwenye roshani yao. Kwa watoto wadogo ni mpango usio na mpinzani. Wakifika miaka kumi na mitano, wawili wa urefu wa mita 1.80, mambo yanabadilika.

Kitu ambacho wachoraji wa fleti ndefu mara nyingi hukwepa kukisema ni tumbo la katikati. Sakafu ya mita 24 yenye madirisha kwenye ncha mbili tu ina sehemu ya katikati isiyopata mwanga wala hewa ya moja kwa moja. Humo ndimo vilimowekwa bafu, choo, ngazi na kabati za ukutani. Vyumba hivyo vinategemea hewa ya kuvutwa kwa mitambo kupitia mabomba yanayoishia kwenye zile dohani kubwa za zege juu ya paa. Mabomba yakiziba au mmiliki akifunika tundu wakati wa ukarabati, bafu linaanza kuota ukungu. Anayekagua fleti abebe kipande cha karatasi nyepesi: akiweke kwenye tundu la hewa la bafuni. Kikishikwa, hewa inavutwa. Kikianguka, kuna kazi.

Sauti kati ya jirani na jirani ni habari nyingine, na hapa jengo linastahili sifa. Mifupa ya zege na fleti ni vitu viwili. Le Corbusier alikuwa akieleza kwa mfano wa chupa zinazochomekwa kwenye rafu ya kuhifadhia mvinyo: fremu ni rafu, fleti ni chupa. Sakafu na kuta za fleti hazikubanana moja kwa moja na zege la fremu, zimekalia vipande vya risasi (yale madini mazito, si ya bunduki) vinavyomeza mtikisiko. Kisigino cha jirani wa juu hakifiki kichwani kwako kama kinavyofika kwenye ghorofa nyingi za kisasa ambako bamba moja la zege ni sakafu ya huyu na dari ya yule. Ila mfumo huo unategemea utengano. Mmiliki anayemwaga zege la kusawazisha sakafu na kulibananisha na fremu, au anayepitisha bomba jipya na kulizibia kwa saruji, amejenga daraja la sauti. Katika fleti iliyokarabatiwa sana, simama kimya dakika tano usikilize kabla ya kuvutiwa na vigae.

Jua pia linahitaji maelezo. Zile roshani za kina kirefu kwenye uso wa jengo ni kinga ya jua: wakati wa kiangazi jua likiwa juu, kivuli cha roshani ya juu hufunika kioo, wakati wa baridi jua linashuka na kuingia ndani. Kwenye uso mfupi wa kusini hesabu hiyo inafanya kazi vizuri sana. Kwenye uso wa magharibi, ambao ndio unaotazama bahari na ndio kila mtu anautaka, jua la jioni mwezi Julai halijali roshani. Linaingia limelala hadi katikati ya sebule. Pazia nzito si pambo hapo. Upande wa kaskazini umezibwa, ukuta mtupu, kwa sababu ya mistral. Usiufananishe upepo huo na kaskazi yetu iliyoleta majahazi: mistral ni baridi, mkali, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo.

Hapa wasanifu wa Dar es Salaam na Mombasa wajihadhari na kunakili. Karibu na ikweta jua la mchana liko utosini, na linaloumiza ni la asubuhi na jioni, ambalo linatoka mashariki na kutua magharibi likiwa chini. Jengo refu lenye nyuso zake mbili kubwa mashariki na magharibi, kama hili, ni tanuri kwetu hata liwe na roshani za kina gani. Ligeuzwe robo duara, nyuso kubwa zitazame kaskazini na kusini, ndipo roshani zitafanya kazi iliyokusudiwa.

Tukiwa nje bado, miguu. Jengo limekalia jozi 17 za nguzo nene, pana juu na nyembamba chini, na juu yake kuna bamba nene ambalo Le Corbusier aliliita ardhi ya kutengenezwa; ndani yake mmepita mabomba na mitambo. Chini ni bustani inayopita bila kukatizwa. Ni pahali pazuri pa kivuli, lakini pana upungufu uleule wa majengo yote ya miguu: hapana kitu cha kufanya. Watu wanapita, hawakai.

Zege halina lipu. Mpango wa awali ulifikiria fremu ya chuma, lakini chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ikabidi zege. Kazi ikagawanywa kwa wakandarasi mbalimbali, mbao za kufungia zege zikawa za viwango tofauti, viungo havikukutana vizuri, na kila mshipa wa ubao ukaacha alama yake. Badala ya kuficha kwa lipu, Le Corbusier aliacha kila kitu wazi na kulinganisha alama hizo na makunyanzi ya uso wa binadamu. Kifaransa kinaliita zege la namna hiyo béton brut, zege ghafi, na neno brutalism la wasanifu lina mizizi yake hapo. Wanaodhani maana yake ni ukatili wamepotea njia.

Makunyanzi yana gharama. Zege ghafi karibu na bahari linafahamika kwa fundi yeyote wa pwani: pale ambapo zege linalofunika nondo ni jembamba, hewa na unyevu wenye chumvi hufika kwenye chuma, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inasukuma zege mpaka linabanduka vipande. Nyuso za jengo zimekarabatiwa kwa awamu nyingi na kazi hiyo haina mwisho. Kwa kuwa jengo linalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria, na tangu Julai 2016 limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kazi nyingine 16 za Le Corbusier katika nchi saba, ukarabati haufanywi kwa fundi wa mtaani na ndoo ya saruji. Rangi za roshani, fremu za mbao za madirisha, hata kivuli cha kijivu cha zege, vyote vina masharti. Mnunuzi aombe kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka mitatu ya karibuni na aone ni kazi gani imepitishwa lakini haijalipiwa bado. Mchango wa ukarabati wa uso mmoja unaweza kufuta furaha ya bei nzuri. Aulize pia kuhusu moto wa Februari 2012, ulioanzia katika fleti ya chini na kuharibu fleti kadhaa pamoja na vyumba vya hoteli: je, fleti anayoitaka iliguswa, na kilichojengwa upya ni kipi?

Mtaa wa maduka ndio sehemu iliyoshindwa. Wazo lilitoka kwenye meli kubwa za abiria: watu 1,600 ndani ya chombo kimoja, basi chombo kiwe na kila kitu. Ghorofa ya 7 na ya 8 zikapewa duka la vyakula, mwoka mikate, mchinjaji, dobi na huduma nyingine, nyuma ya safu ya mapezi marefu ya zege unayoyaona wazi ukiwa nje, yakikatiza mpangilio wa roshani. Tatizo ni hesabu. Abiria wa meli hawana pa kwenda. Mkazi wa Marseille anashuka kwa lifti na kukuta mji mzima. Duka lililo mita kadhaa juu ya ardhi halioni mpita njia, na wateja wa jengo moja hawatoshi kumlisha mchinjaji. Leo sehemu hiyo ina ofisi, wasanifu wengi, duka zuri la vitabu vya usanifu, na hoteli. Linganisha na maghorofa ya Michenzani kule Unguja, yaliyoanza kujengwa enzi za Karume na ambayo wataalamu wa Ujerumani Mashariki walishiriki katika mipango yake: nayo ni marefu, nayo yalijengwa kwa imani kwamba jengo kubwa litaunda jamii mpya, lakini biashara iko chini, barabarani, miguu inapopita. Hakuna aliyelazimika kumfundisha mwenye genge kwamba mteja hapandi ghorofa saba kutafuta nyanya.

Paa, kwa upande wake, linastahili nauli. Panda lifti hadi juu kabisa na utoke katikati ya vitu ambavyo hakuna paa lingine la mwaka 1952 lililokuwa navyo: njia ya kukimbilia ya mita 300 inayozunguka ukingo, kidimbwi cha watoto cha maji ya kina kifupi, jukwaa la wazi, vilima vya zege vya kupanda watoto, dohani zenye umbo la kiuno chembamba, na chekechea iliyo chini ya paa ikiunganishwa nalo kwa mteremko. Ukingo ni mrefu kiasi kwamba barabara na paa za nyumba za chini zinatoweka. Kinachobaki ni milima upande mmoja na bahari upande wa pili. Ukumbi wa mazoezi wa zamani, wenye paa kama mtumbwi uliopinduliwa, tangu 2013 ni kituo cha sanaa kiitwacho MaMo, kilichoanzishwa na mbunifu Ora-ïto. Nenda asubuhi mapema au jioni. Saa saba mchana wakati wa kiangazi zege linarudisha joto kutoka chini na hakuna mti.

Kwa anayelala hotelini: Hôtel Le Corbusier ilikuwepo katika mpango wa kwanza kwa sababu moja ya maana, kwamba fleti hazina chumba cha wageni. Mgeni wa mkazi alipangishwa huko mtaa wa tatu, akala na wenyeji, akarudi kulala. Kwa familia zetu, ambako mjomba hufika bila taarifa na kukaa wiki tatu, mpango huo ungezua ugomvi, lakini kiusanifu ni safi. Vyumba vidogo kabisa vinafanana na kabini ya meli kweli: kitanda, meza, dirisha. Anayetaka kuelewa jengo achukue studio yenye roshani, na akipata ile iliyobaki na jiko la asili asiiache. Upande wa bahari ni wa jioni, upande wa bustani ni wa wanaoamka mapema. Asiyependa korido ndefu za giza, au mwenye mzigo mkubwa, atafute hoteli ya kawaida karibu na bandari na aje hapa kutembea.

Kufika ni rahisi. Metro namba 2 hadi Rond-Point du Prado, toka upande wa uwanja wa Vélodrome, kisha fuata boulevard Michelet kuelekea kusini kwa miguu, au panda basi hadi kituo kiitwacho Le Corbusier. Ingia kwa mlango mkuu chini ya nguzo, jitambulishe kwa mlinzi na sema unakwenda paani au mtaa wa tatu. Mitaa ya makazi si ya watalii; ofisi ya utalii ya Marseille hupanga ziara zenye kiongozi ambazo huingia ndani ya fleti, na hiyo ndiyo njia halali ya kuiona sebule ya kimo cha mita 4.80. Fleti namba 50, iliyotunzwa katika hali yake ya asili, imewahi kufunguliwa wakati wa kiangazi kwa maonyesho ya wabunifu wa fanicha. Ulizia kabla ya kusafiri.

Kabla hujaingia, tafuta umbo la yule mtu wa Modulor lililochapwa kwenye zege karibu na lango, mkono mmoja ukiwa juu. Jaribu kusimama kando yake. Mwenye urefu wa wastani wa pwani yetu atagundua kwamba dari ya mita 2.26 haimsumbui hata kidogo, na kwamba rafu za juu za jiko la Perriand nazo anazifikia. Wajerumani hawakukubali: Le Corbusier alipojenga jengo la aina hii Berlin, kanuni za huko zilimlazimisha kupandisha dari hadi mita 2.50, na vipimo vyote vya Modulor vikavurugika, jambo ambalo hakulipenda kabisa.